Tukishindwa, Tusikimbilie Kulaumu Magazeti



Kila baada ya uchaguzi mkuu, sisi wa mrengo wa kushoto tuna wimbo wetu, nao hauna beti nyingi. Tumeshindwa kwa sababu magazeti hayakutuandika. Redio hazikututaja. Televisheni zilipiga picha za helikopta za matajiri zikitua na kupaa, ilhali wagombea wetu waliokwenda kwa miguu hawakuonwa na kamera hata moja. Wimbo huo tuliuimba tena Agosti 2022, katika ukumbi wa kanisa mjini Isiolo, siku chache baada ya matokeo kubandikwa. Mmoja wa wagombea wetu wa wadi, mwalimu mstaafu aliyemaliza akiba yake kwa nauli na chai ya mawakala, aliketi mstari wa nyuma kabisa. Kila aliyesimama kunena aliwalaani wanahabari. Zamu ya mwalimu ilipowadia aliuliza swali moja: "Katika kituo changu mimi, ni nani asomaye gazeti?" Hapana aliyemjibu. Kikao kikafungwa kwa sala, nasi tukatawanyika.

Swali hilo tumetembea nalo tangu siku ile. Sasa uchaguzi wa Agosti 2027 umekuwa gumzo la kila mtu, na wapo vijana waliotujia kutuambia kwamba wanataka kusimama katika wadi zao. Wanatuuliza tutawasaidiaje. Hatuwezi kuwajibu kabla ya kumjibu mwalimu. Tunajua kwamba jibu letu litawaudhi baadhi ya wenzetu tuliokesha nao miaka mingi, na tunawaomba radhi mapema.

Tuanze na ukweli ulio upande wetu, maana upo, na si mdogo.

Machi 1966, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama kilikatwa vipande vinane ili Jaramogi Oginga Odinga asibakiwe na kitu. Mwezi uliofuata Jaramogi alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi akajiunga na chama cha Kenya People's Union. Bunge likageuza katiba mbio mbio, ikawa sharti kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Ndipo Juni 1966 ukafanyika ule uliokuja kuitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo, wa viti 29 vya mabaraza mawili ya bunge la wakati ule. KPU ilisema juu ya ardhi kwa wasio na ardhi na elimu bila malipo. Ilinyimwa vibali vya mikutano. Sauti ya Kenya, ambayo ndiyo iliyokuwa redio ya taifa, ilikuwa mkononi mwa serikali, nayo ilisema ya serikali. Hata hivyo kura zilipojumlishwa, KPU ilikuwa imepata nyingi kuliko KANU. Viti ilivyopata vilikuwa 9. Ulipofika uchaguzi wa madiwani wa 1968, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa nchini kote kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa, na Oktoba 1969 chama kikapigwa marufuku, viongozi wake wakatiwa kizuizini.

Huko ni kuporwa. Hatuna neno jingine, wala hatuwezi kumtaka yeyote aliyekuwa KPU ajilaumu kwa hayo.

Lakini tumtazame Bildad Kaggia, aliyeshindwa Kandara katika uchaguzi ule. Huyu alikuwa amefungwa pamoja na Mzee Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Baada ya uhuru alikuwa akiuliza bila kuchoka kwa nini waliopigania ardhi hawaipati. Hoja yake ilikuwa ya matajiri na maskini, na ilimhusu mkulima wa Murang'a kama ilivyomhusu mvuvi wa ziwani. Wapinzani wake hawakuhangaika kuijibu. Walisema tu kwamba amejiunga na chama cha Wajaluo. Hesabu hiyo ya makabila ndiyo iliyobaki katika maandishi ya wengi hata leo: fungua kitabu cha shule, utasoma kwamba KPU kilikuwa chama cha Jaramogi na watu wake, na swali la Kaggia hutaliona. Tazama, basi, jinsi habari za siasa zinavyoweza kumwangusha mtu bila kusema uongo mkubwa. Zinaamua tu jambo lipi liitwe siasa. Fulani kakutana na fulani ni siasa. Kabila hili litakwenda wapi ni siasa. Nani anamiliki malisho na kisima, hiyo si siasa. Hiyo ni "mizozo ya wafugaji", na huandikwa kurasa za ndani pamoja na habari za mvua.

Sisi wa kaskazini tunaijua hali hiyo zaidi ya wengine. Wakati wenzetu wa kusini wakiandikiwa habari za KPU na KANU, Isiolo ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, vita vya Shifta vikiendelea. Watu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi wa askari, na mifugo ikateketea. Waborana wa hapa wanakiita kipindi kile Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yaliyotendeka. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na kwa miaka mingi hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa 57, ilhali manusura hutaja mamia, na wengine maelfu. Sheria zile za hali ya hatari zilifutwa mwishoni mwa 1991, majuma machache tu kabla ya kufutwa kwa kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja peke yake. Watu wa mahali pengine walipata vyama vingi. Sisi tulipata vyama vingi na kuhesabiwa kuwa raia, vyote kwa mpigo. Haishangazi kwamba hata baada ya hapo mtu wa huku alipopanda basi kwenda Nairobi alisema anakwenda Kenya. Lami ilikuwa ikiishia Isiolo mjini, na habari pia.

Kwa hiyo hatukani mtu anayesema vyombo vya habari vimetutenda vibaya. Desemba 1992 hapakuwa na redio nyingine ya humu nchini isipokuwa KBC, na taarifa yake ya habari ilianza na Rais Moi na kumalizikia kwake. Aliyetaka kusikia jina la mpinzani alitega Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Desemba 30, 2007, nchi ilipoanza kuwaka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwishoni mwa Januari 2018 vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga pale Uhuru Park. Juni 25, 2025, wananchi walipotoka kuwakumbuka vijana waliouawa mwaka mmoja kabla, mitambo ya NTV na KTN ilizimwa tena mpaka mahakama ilipoingilia kati. Mkono ni ule ule, ingawa saa yake ya mkononi imekuwa ya bei kubwa zaidi.

Haya yote twayakubali. Lakini je, ndiyo yaliyotushinda?

Turudi kwenye miaka ile ya 1988 hadi 1991, maana wengi wenu mnaosoma jarida hili mlikuwapo na mnakumbuka. Mwaka 1988 KANU iliwapanga wananchi foleni nyuma ya wagombea, na aliyepata asilimia 70 katika uteuzi akahesabiwa amepita bila kupingwa. Gazeti la Beyond, lililochapishwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilieleza mlolongo ule ulivyokuwa. Likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo kwa kosa la kutowasilisha hesabu za mauzo! Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara lilipita mkono kwa mkono likiwa limefichwa ndani ya magazeti mengine. Hali ya vyombo vya habari ilikuwa mbaya kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Na hata hivyo ndiyo miaka tuliyosikika zaidi.

Ilikuwaje? Askofu David Gitari, ambaye dayosisi yake ya Mount Kenya East ilianzishwa 1975 ikienea hadi Isiolo na Marsabit, alipanda mimbarini akahubiri dhidi ya mlolongo. Akahubiri tena juma jingine, na jingine. Aprili 1989 nyumba yake ikashambuliwa usiku. Kwa upande mwingine walikuwapo Okullu, Muge, Njoya na Ndingi. Waandishi wa habari walijifunza kwamba habari ya Jumatatu hupatikana kanisani Jumapili, wakaja na daftari zao, wakaketi na waumini. Hawakuja kwa sababu wenye magazeti walikuwa wameokoka. Walikuja kwa sababu palikuwa na watu waliokusanyika kila juma mahali pale pale, kwa hiari yao, wakisikiliza mtu asemaye jambo moja bila kuyumba. Habari ilifuata mkusanyiko. Mkusanyiko haukuingoja habari.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu. Wao husema: tupeni kurasa, nasi tutapata watu. Sisi tumeyatazama mambo yalivyokwenda, tunaona kinyume chake.

Chukua 1992. Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura. Zaidi ya sita katika kila kumi walikuwa wamemkataa. KBC ilikuwa ya aibu, naam. Lakini ni KBC iliyoipasua FORD Agosti ule, nusu wakaenda Agip House na nusu Muthithi House? Sisi wenyewe tuligombania kiti kabla hakijachongwa. Magazeti yalipoandika kwamba tunagombana, tulisema yametumwa. Yalikuwa yameandika kweli.

Chukua 1997, Chama cha Social Democratic kilipompeleka Charity Ngilu uwanjani. Kilisikika, kiliandikwa, kikapata karibu asilimia 8 ya kura za urais. Miaka mitano baadaye chama hicho hicho kilimsimamisha James Orengo, mtu ambaye hakuna Mkenya asiyemjua, aliyekuwa bungeni na kizuizini, ambaye kila mwandishi alikuwa na namba yake ya simu. Akapata kura zisizofika 25,000 katika nchi nzima, chini ya nusu ya asilimia moja. Hapo hatuwezi kudai kwamba jina lake lilifichwa. Wananchi walitaka KANU iondoke, wakaona njia fupi ni kumpa Kibaki, wakampa asilimia 62. Walipiga kura kwa akili. Mtu wa Kinna aliyetuambia mwaka ule, "Nyinyi tutawasikiliza baadaye, kwanza tumtoe huyu," hakuwa amepotoshwa na gazeti lolote. Tatizo ni kwamba hiyo baadaye ilipofika, hatukurudi Kinna.

Na chukua 2022. Chama cha Kikomunisti, kilichotokana na SDP ile ile na kubadili jina mwaka 2019, kiliingia katika muungano wa Kenya Kwanza. Baadhi ya wanachama wakakataa, chama kikapasuka. Tuna marafiki pande zote mbili, na nia zao hatuzipimi hapa. Lakini mwandishi wa habari akiuliza mrengo wa kushoto wa Kenya uko wapi, tumwelekeze wapi?

Si Wakenya pekee wenye desturi hii. Aprili 1992 chama cha Labour cha Uingereza kilishindwa uchaguzi ambao wengi walidhani kimeupata. Kiongozi wake, Neil Kinnock, alipojiuzulu aliyalaumu magazeti yaliyokiunga mkono chama cha Conservative, na gazeti la The Sun, siku chache kabla, lilikuwa limejigamba kwa herufi kubwa kwamba ndilo lililoshinda. Ajabu ni kwamba pande zote mbili zilikubaliana: aliyeshindwa alisema ni gazeti, na gazeti likasema ni mimi. Tunashuku makubaliano kama hayo. Mwenye gazeti hupata sifa ya nguvu asizozithibitisha, na aliyeshindwa hupata udhuru.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu, tumjibu.

Kituo chake kiko mbali na barabara ya lami. Merti, kwa mfano, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Isiolo mjini, na hapo ni makao ya wilaya ndogo. Vipo vituo vingi nje ya hapo. Gazeti likifika hufika limefungiwa sukari. Watu husikiliza redio: vipindi vya Kiborana vya redio ya taifa, na siku hizi pia vituo vya humu humu, kama Redio Shahidi ya Kanisa Katoliki. Wenye simu hutumiana sauti. Lakini kura hazikuamuliwa hata na hivyo. Miezi kabla ya kampeni kuanza, wazee wa koo walikaa, wakatoa majina: ugavana kwa hawa, useneta kwa wale, wadi hii kwa nyumba fulani. Wanaiita demokrasia ya maafikiano. Wanaoitetea husema inazuia damu, na sisi tulioona damu hatuidharau hoja hiyo. Lakini katika kikao hicho wanawake hawakuwapo, vijana hawakuwapo, Mturkana wa Ngare Mara hakuulizwa, na jina lililotoka lilikuwa la mwenye uwezo wa kuchinja. Magazeti yaliandika habari moja: wazee wameidhinisha. Basi. Kwa msomaji wa Nairobi uchaguzi wa Isiolo ulikuwa umekwisha.

Na wakati huo mwalimu alikuwa wapi? Tuseme ukweli: tulikuwa hatujamteua. Tulimteua mwishoni kabisa. Aliingia uwanjani wakati mshindani wake ana miaka mitano ya kuhudhuria matanga, kulipa basari za watoto, na kupeleka maji kwa lori wakati wa kiangazi. Ndiyo, maji yale yalikuwa ni haki ya wananchi ikigeuzwa kuwa zawadi ya mtu mmoja. Sisi tulijua hilo. Lakini mama aliyejaza mtungi wake alimwona dereva wa lori, sisi hakutuona. Waswahili walisema asiyekuwapo na lake halipo.

Tulipofika, tulizungumza nini? Mmoja wetu, na tunamtaja bila jina kwa kuwa ni sisi sote, alisimama chini ya mti akaeleza juu ya uliberali mamboleo na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa muda wa saa nzima. Mkalimani aliyekuwa akigeuza maneno kwa Kiborana alinyamaza katikati, akatazama chini. Mzee mmoja akauliza kwa adabu kama shirika hilo ndilo lililochukua malisho yao. Msemaji akasema, kwa namna fulani, ndiyo. Watu wakacheka.

Na hapo hapo, chini ya pua zetu, palikuwa na kesi. Mwaka 2021 wananchi 165 walikuwa wamekwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Isiolo, wakipinga jinsi hifadhi za wanyama zilivyoanzishwa katika ardhi ya jamii. Januari 2025 mahakama hiyo iliamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha Katiba. Yawe yatakayokuwa mbele, watu wale walikuwa wamefanya kazi ambayo chama chochote cha wanyonge kingejivunia. Walikutana, waliandika majina yao, walikusanya ushahidi, walisafiri kuja mahakamani mara kwa mara kwa gharama zao. Hawakuita jambo lao siasa, wala magazeti hayakuliita hivyo. Wala sisi. Katika kampeni ya 2022 karatasi zetu hazikuitaja kesi hiyo hata kwa mstari mmoja; tulikuwa tumenakili hoja zetu kutoka Nairobi. Tukiwalaumu wahariri kwa kuigeuza ardhi kuwa habari ya kurasa za ndani, tuanze na karatasi zetu wenyewe.

Ndugu zetu wa kanisani wataikumbuka habari ya Mikaya mwana wa Imla. Mfalme Ahabu alikuwa na manabii 400, wote wakisema kwa kinywa kimoja kwamba aende vitani Ramoth-Gileadi atashinda. Hao ndio waliokuwa magazeti ya wakati ule, na hesabu yao ilikuwa nzuri. Mikaya aliitwa kwa sababu Yehoshafati aliuliza kama hakuna nabii mwingine. Akaja, akasema lililo kweli mbele ya wafalme wawili langoni mwa mji, akapigwa kofi, akarudishwa gerezani kula chakula cha shida. Tunalopenda katika habari hii, na hatulisikii likihubiriwa mara nyingi, ni kwamba Ahabu alimjua Mikaya kwa jina. Alimchukia, lakini alimjua. Mtu yule alikuwa amekwisha kusema, mara nyingi, mahali palipojulikana, kiasi kwamba hata adui alipoulizwa hakuweza kumficha. Sisi, Yehoshafati akiuliza leo Isiolo, ni nani atakayetajwa?

Yuko atakayetujibu kwa kutaja Juni 2024. Vijana wasio na chama wala gazeti waliuangusha Mswada wa Fedha kwa simu zao na kwa miguu yao. Rais aliuondoa Juni 26, siku moja baada ya risasi na maiti pale bungeni. Je, hawakuonyesha kwamba zama za wahariri zimekwisha? Tunavua kofia mbele yao. Lakini simu iliyowakusanya wale ilikuwa ikisema jambo walilokwisha kulihisi mifukoni mwao, mkate na kodi, kwa lugha waliyoongea nyumbani. Simu haikuwatungia hasira. Na hasira ile kuiweka katika sanduku la kura ni kazi nyingine kabisa: inataka kitambulisho, inataka kujiandikisha, inataka wakala katika kila kituo atakayekaa mpaka usiku wa manane bila kununuliwa. Kijana wa Garba Tula anayesubiri kitambulisho wakati wenzake wa mahali pengine wamekwisha kupewa hawezi kupiga kura kwa simu.

Juu ya mawakala tuna neno zaidi, kwa kuwa hapa ndipo malalamiko yetu juu ya habari yanapopata dawa iliyo mikononi mwetu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Maina Kiai, iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho. Hayawezi kubadilishwa Nairobi. Agosti 2022 Tume iliweka hadharani fomu 34A za vituo vyake, navyo vilikuwa 46,229. Vyombo vya habari vilianza kuzijumlisha, kila kimoja na hesabu yake, na hesabu zikatofautiana mpaka wananchi wakachanganyikiwa. Lakini fomu zilikuwa pale. Na za udiwani hubandikwa mlangoni mwa kituo chenyewe. Sisi katika wadi ya mwalimu tulikuwa na mawakala katika vituo vichache tu, na wawili kati yao waliondoka saa kumi jioni kutafuta chakula kwa sababu hatukuwapelekea. Hata leo hatuwezi kumwambia mwalimu kwa uhakika kama alipata kura alizoandikiwa. Tulikuwa tukiwapigia simu wahariri wa Nairobi saa ile ile.

Kwa hiyo vijana waliotujia tumewajibu hivi. Kaunti yetu ina wadi 10. Hatutasimamisha mtu katika zote, hata tukibembelezwa. Tutasimama pale tu ambapo pana watu wanaokutana sasa, wakati hakuna kampeni, juu ya jambo lao: malisho, kisima, vitambulisho, bei ya mbuzi mnadani Oldonyiro. Mgombea atatoka katika kikao hicho, na atakuwa mtu anayekijua kwa lugha yake. Asipopatikana hatutamleta wa kuazima. Wenzetu wa Nairobi wameandika kusema huo ni woga, na kwamba chama kisichoonekana katika karatasi ya kura kitasahauliwa. Huenda. Tumesahauliwa tukiwa ndani ya karatasi hiyo mara nyingi.

Jarida hili nalo litabadilika. Tangu toleo lijalo ukurasa wa kwanza utakuwa wa habari za wadi, na utaandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka kwa sauti, ili baada ya ibada au sala ya Ijumaa mtu mmoja awasomee wengine, na mwingine ageuze kwa Kiborana, Kiturkana, Kisamburu au Kisomali. Habari za fulani kukutana na fulani hatutaziandika. Yeyote anayezitaka atazipata kwingineko bila shida.

Tunawaomba wasomaji wa Sericho, Kinna, Garba Tula, Cherab, Chari, Oldonyiro, Ngare Mara na Burat, pamoja na wa Wabera na Bulla Pesa hapa mjini, watuletee majina ya vituo vya kupigia kura vilivyo karibu nao, na kwa kila kituo mtu mmoja aliye tayari kukaa ndani siku nzima. Msitutumie kwa simu. Leteni wenyewe, au mpeni mtu mnayemwamini, ili tuonane. Chakula cha mawakala kitachangwa na makanisa matatu ambayo yamekwisha kukubali, na tunazungumza na wazee wa msikiti mmoja. Mwalimu amekubali kuitunza orodha. Aliomba pikipiki. Kwa sasa tumempa daftari mbili na nauli ya kwenda Merti.